Niliwaambia Wageni Kuwa Mimi ni Fundi

Siku ile naikumbuka vizuri, mwanangu, na kila nikiikumbuka damu hunichemka. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini, nasomea kuchomelea vyuma katika chuo kimoja cha serikali hapa Garissa. Nasema nasomea, lakini mashine tuliyoletewa ilikaa miezi sita ndani ya nailoni yake, maana chuo hakikuwa na umeme wa kuiwasha. Tuliichora daftarini. Wallahi, tuliichora!

Wakaja wageni wa kutathmini mradi uliotuletea mashine hiyo. Asubuhi hiyo mwalimu wetu aliniita kando. “Kiswahili chako kimenyooka, utasema wewe. Wakifurahi, tutaongezewa kozi.”

Wageni hawakuomba kuona hata chuma kimoja tulichounga. Walisoma majina kwenye rejista, wakanywa chai, kisha mama mmoja mwenye fomu akaniuliza, “Mafunzo yamekufaa?”

“Sana,” nikasema. “Sasa mimi ni fundi.”

Akaandika. Wakapiga picha, wakaenda zao. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hiyo mimi ndiye niliyekitembeza.

Kwa sifa hizo tukapewa kazi ya kuboresha mji: vibanda vya akina mama wauza maziwa ya ngamia sokoni. Ndipo nikashika mashine yenye moto kwa mara ya kwanza, na aibu ikanizuia kusema sijui. Vibanda vikafunguliwa kwa hotuba ndefu. Mwezi haukuisha, upepo ukavuma, paa likang'oka pale pale nilipounga mimi, likamwangukia Eedo Halimo, dada yake baba, aliyenilea. Mkono wake haukunyooka tena.

Nilimkuta kitandani, nikaanza kuulaani upepo. Akanikatiza.

“Wale wageni walipokuuliza, ulijua kuchomelea?”

“La, eedo.”

“Na ulisema unajua?”

“Nilisema, eedo.”

“Basi uache upepo. Nenda ukajifunze.”

Nikaenda kwa fundi mmoja wa mtaa wa Iftin, nikaanza upya kwa kumfagilia karakana. Nilikaa kwake miaka miwili, na cheti changu cha chuo sikumwonyesha hata siku moja.

Sasa nasikia wageni wanakuja tena chuoni kwenu, na nyinyi mmeshafundishwa cha kusema. Hata haya hawana! Wanapima ujuzi kwa orodha ya majina, halafu wanawajengea watu paa. Nawakasirikia, na nafsi yangu naikasirikia zaidi.

Mficha uchi hazai, mwanangu. Wakikuuliza, sema mashine haijawashwa. Wavute mkono ukawaonyeshe. Ukiambiwa unawaharibia wenzako, jibu kwamba wameshaharibiwa. Na usichokijua, usikiunge. Atakayeangukiwa si aliyeandika ripoti, ni mama yako.

Mwenyezi Mungu akupe ulimi usiomwogopa mgeni na mkono unaoijua kazi yake, na amhifadhi kila atakayekaa chini ya ulichojenga. Amin.