"Lala wawili, lipa mmoja": Kosa la shemeji lililojaza nyumba ya wageni mlimani

Saa mbili asubuhi jua linaifikia nyumba ya wageni kwa upande wa nyuma, na Mama Shuka ameshaliwahi. Kiunoni ana kapu la shuka zilizotoka kukamuliwa, mdomoni vibanio vinne, na anamfokea mpishi bila kuangusha hata kimoja.

"Moshi wa jiko lako unakuja kwenye foronya zangu!"

"Basi foronya zako zihamie kwa mjomba wako," mpishi anamjibu kutoka dirishani. "Jiko lilikuwepo kabla yako."

Mama Shuka anacheka, na hapo vibanio vinaanguka vyote.

Huu ndio msimu ambao mlima unavaa. Ukungu umeondoka, maporomoko yamejaa maji, na mteremko wote juu ya mji una maua ya manjano na ya zambarau hadi yanapokutana na mawe. Watu wanapanda kutoka mijini kuja kuyaona. Kuna maonyesho ya maua kwenye uwanja wa shule, kuna mbio za kupanda kilele, na kila Jumamosi kuna soko la asali na miche. Anayekuja kwa siku moja hujikuta anatafuta pa kulala, kwa sababu jioni mlimani ni nzuri kuliko asubuhi.

Kwa Mama Shuka, uzuri wa msimu huu ni jua. "Wakati wa baridi shuka inakauka kwa siku tatu," anasema. "Unaianika jikoni juu ya jiko, halafu mgeni analala ananukia vitunguu. Sasa hivi naanika asubuhi, mchana natandika. Hii ni starehe, usinione natoka jasho."

Jina lake halisi liko kwenye kitambulisho, na huko ndiko linakoishi. Ana umri wa miaka arobaini na mitatu, na miaka kumi na miwili kati ya hiyo ameitumia kutandika vitanda katika nyumba hii yenye vyumba tisa. Kila chumba kina kitanda kimoja kipana, meza, kiti, na msumari wa kutundikia koti. Yeye na binti yake, anayejifunza ushonaji katika chuo cha ufundi, wanakaa katika chumba cha uani. Mume wake ni dereva wa lori na hurudi barabara inapomruhusu.

Tusidanganyane: kutandika kitanda si kazi ya kuchekea, na hailipi. Mpaka msimu huu, mshahara wake wa mwezi ulikuwa haununui godoro moja kati ya yale anayoyatandika.

"Siri ni kona," anaeleza huku akiinua godoro kwa goti na kuikunjia shuka chini yake. "Kona ikilegea, mgeni akigeuka mara moja tu shuka inamfuata. Asubuhi unamkuta ameivaa kama kanzu."

Mwanzoni mwa msimu huu, kazi hiyo na chumba cha uani vilikuwa vinaondoka pamoja. Chini, kando ya barabara kuu, zimejengwa hoteli mpya zenye bwawa la kuogelea na mabango yanayowaka. Kila moja ilikuwa na ofa yake ya msimu wa maua. Nyumba ya juu haikuwa na bwawa wala bango. Mwenye nyumba, mstaafu wa posta ambaye wafanyakazi wanamwita Bosi hata anapokuwa anafagia mwenyewe, aliwaita jikoni akawaambia ukweli. Mfanyabiashara mmoja wa mbao alitaka kuinunua nyumba aifanye ghala. Msimu wa maua ukipita bila vyumba kujaa, angemuuzia.

"Nilimwambia, Bosi, wenzetu wanatoa ofa, sisi tunatoa nini?" anakumbuka Mama Shuka. "Akasema sisi tunatoa ukimya. Nikamwambia ukimya hata makaburini upo, na hakuna anayelipia."

Bosi alinuna, lakini akamruhusu ajaribu. Mpango wake ulikuwa mwepesi: mgeni akilipa usiku mmoja, wa pili analala bure. Akampigia simu shemeji yake, mdogo wa mumewe, mchoraji wa vibao anayejulikana mji mzima kama Brashi.

"Shemeji, nichoree kibao pale njia panda. Andika hivi: Lala mbili, lipa moja. Usisahau mshale."

Brashi hakusahau mshale. Alichofanya ni kusahihisha.

"Nilimsikia vizuri kabisa," anasema Brashi, mtu mrefu mwenye rangi tatu kwenye kila ukucha. "Lakini mimi ni mtu wa lugha. Nikajiuliza, watu wamekuwa mbili tangu lini? Mbuzi wenyewe ni wawili, sembuse binadamu! Nikasema nimsitiri shemeji yangu, nisimwaibishe barabarani."

Akachora kwa herufi nyekundu, kubwa, nzuri: LALA WAWILI, LIPA MMOJA. Akakipigilia msumari, akaenda zake kuchora duka la simu mji wa jirani. Kwenye nyumba ya wageni hakuna aliyekiona. Njia panda iko chini kabisa, na wiki ile kila mtu alikuwa juu akipaka chokaa.

Ijumaa, wa kwanza kufika walikuwa wanawake wawili wauza mitumba, marafiki wa chanda na pete. Walitua mkoba mmoja mezani.

"Tumekuja wawili. Analipa huyu," akasema wa kwanza.

"Nani? Mimi ndiye niliyebeba mkoba, unalipa wewe," akasema wa pili.

Mama Shuka akawauliza wanakaa siku ngapi. Wakasema moja. Akawaeleza kwa upole kwamba ofa ni ya siku mbili.

"Dada," yule wa mkoba akamwambia, "kibao chako hakina siku. Kina watu."

Kabla hajajibu, mlangoni walisimama mzee na mkewe. Nyuma yao kaka wawili waliokuja kwa ajili ya mbio. Nyuma ya hao, mwalimu na dada yake. Wote wawili wawili, kama wanaoingia safinani, na wote wanabishana nani analipa.

Mama Shuka akatoka uani na simu. Maneno yaliyofuata mpishi anayakumbuka yote, kwa sababu aliacha wali uungue ili asikie.

"Brashi! Nilikwambia mbili!"

"Mbili nini, shemeji?"

"Siku, wewe! Siku mbili!"

"Hukutaja siku. Waliosema mgeni siku mbili walitaja siku. Wewe uliacha mbili inaning'inia peke yake, mimi nikaitafutia watu."

"Nitakutafutia watu mimi!"

Ndani, Bosi alikuwa ameshachukua nyundo. Alitaka kushuka njia panda akang'oe kibao, na wageni warudishwe. Mama Shuka akasimama mlangoni, ingawa hakuwa amewahi kumzibia njia mtu anayemlipa.

"Nilimwambia, Bosi, tangu baridi ianze tunaomba watu. Leo wamekuja mara mbili ya tulivyoomba, tunawafukuza? Tukiwafukuza hawa, sikukuu yote ya maua itapita wanatusema njiani. Hapo kweli muuzie mtu wa mbao, na mimi unihesabu kama ubao."

Kisha akamwonyesha jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelitambua uani, katikati ya kumtukana shemeji. Nyumba hutoza kwa kichwa, na miaka yote wageni wake wengi walikuwa watu wa peke yao: mafundi, manesi wa zamu, wakaguzi wa barabara. Chumba kimoja, kichwa kimoja. Sasa chumba kimeleta vichwa viwili na kimoja kinalipa, kila usiku, bila usiku wa bure.

"Nilichotaka kutoa mimi ni usiku mzima," anasema. "Alichotoa shemeji ni kikombe cha chai na kipande cha mkate cha yule wa pili. Nani kati yetu alikuwa mjinga?"

Bosi akaitazama nyundo kama haijui. "Waandikishe," akasema.

Kilichobaki kilikuwa tabu ya vitanda, maana si kila wawili ni wa kitanda kimoja. Kwa kaka na dada akatandika godoro chini. Kwa marafiki hakukuwa na shida. Lakini jioni wakafika mama mmoja na mke wa mwanawe, waliokuwa hawajaongea vizuri tangu harusi. Mwana ndiye aliyewalipia, akitumaini maua yatafanya kazi iliyomshinda yeye. Magodoro ya chini yalikuwa yamekwisha, umebaki mkeka.

"Mama alale juu, mimi nitalala chini," akasema mkwe.

"Ulale chini ukohoe, mwanangu aseme nimekuua? Panda kitandani," akasema mama. "Lakini ukutani."

Mama Shuka aliwawekea mto katikati kama mpaka wa nchi. Asubuhi aliukuta mto sakafuni, na mama mezani anashtaki.

"Huyu mtoto anakoroma kama mashine ya kusaga."

"Mama, ulianza wewe. Mimi niliitikia tu."

Mpishi anasema kicheko kilichotoka hapo kiliwaamsha waliokuwa bado wamelala. Wale wawili walikwenda kwenye maporomoko wameshikana mikono, kwa sababu njia inateleza, na walirudi bado wameshikana, pahali pasipoteleza.

Habari zikashuka mlima haraka kuliko maji. Wiki ya pili vyumba vyote vilijaa. Jumamosi ya maonyesho ya maua, mfanyabiashara wa mbao alikuja kupima nyumba anayotaka kuinunua, ana futi ya chuma mkononi na mke wake pembeni. Alianza na ukumbi. Kila alipotaka kunyoosha futi ilibidi aombe mtu ainue miguu.

Mkewe akapotea. Walimkuta uani, ameshika ncha mbili za shuka, Mama Shuka ameshika nyingine mbili, wanakunja na kupiga soga kama waliokua pamoja. Shuka pana haikunjiki vizuri na mtu mmoja, na mwanamke yule alikuwa amepita tu akaitwa ashike.

"Mume wangu," akasema, "kibao kimeandika wawili. Sisi ni wangapi?"

"Mimi nimekuja kununua nyumba, sikuja kulala."

"Unanunua nyumba hujailalia? Hata godoro hujaribiwa."

Mfanyabiashara akaikunja futi yake. Pahali palipobaki ni sebuleni, nyuma ya pazia, kwenye godoro ambalo Mama Shuka aliliazima kwa jirani na kulitandika kwa kona zake zote. Walilala hapo. Kabla ya hapo walikaa kibarazani na wauza mitumba, ambao walikuwa wamerudi kwa mara ya pili na bado hawajakubaliana nani alilipa ya kwanza.

Asubuhi mtu wa mbao alikunywa vikombe vitatu vya chai bila kuigusa futi.

"Mzee," akamwambia Bosi, "nikiijaza nyumba hii mbao, mke wangu atanihesabia mpaka kaburini. Tafuta mnunuzi mwingine. Ila Jumamosi ijayo nishikie chumba chenye mlango."

Wafanyakazi wanasema Bosi hucheka mara moja kwa mwaka. Siku hiyo alicheka mpaka akatafuta kiti.

Tulipomuuliza kama bado anauza, alijibu akiwa amebeba ndoo ya maji ya moto kupeleka chumba namba sita. "Niuze niende wapi? Kule kwangu kumetulia mno."

Mama Shuka sasa ndiye anayepokea wageni, pamoja na kutandika. Mshahara umepanda. Kiasi gani hasemi, na ana haki yake, ila malipo ya kwanza ya cherehani ya binti yameshatolewa. Stoo iliyokuwa na viti vilivyovunjika inageuzwa kuwa vyumba viwili, na binti ndiye atakayeshona mapazia na foronya zake. Brashi amesamehewa, kwa masharti: amepaka rangi milango yote tisa bure, na bado anasema lugha ilikuwa upande wake.

"Ilikuwa upande wako," shemeji yake anamjibu, "ila kichwa hakikuwepo."

Wiki chache zijazo maua yataanguka. Kila mwaka wageni hushuka pamoja nayo, na ukungu unarudi hadi kwenye bakuli la sukari. Hoteli za chini zimeshaanza kushusha mabango yao. Bosi naye alikuwa amejiandaa kuteremsha kibao cha njia panda mpaka mwakani, lakini Mama Shuka amemkataza. Anataka kibaki hapo hapo msimu wote wa baridi, na amemwomba aongeze mablanketi na chupa za maji ya moto za kuweka miguuni.

Bosi alimuuliza ni nani atakayepanda mlima kuja kutazama ukungu.

"Bosi wangu," akamjibu, akipiga mto ngumi ya mwisho na kuulaza mahali pake, "maua mtu anaweza kuyatazama peke yake. Baridi ndiyo inayotaka wawili."