Sauti Iliyotoka Kwenye Mgrivea

Kaa vizuri nikueleze polepole, wewe uliyeniuliza uanze na kinanda gani cha mdomo na utafute spika ya namna gani. Nitakujibu, tena kwa furaha, kwa sababu nampenda mtu anayeanza. Ila mimi nikisikia tu harufu ya risasi ya kulehemu ikiyeyuka, ule moshi unaowasha puani na bado unataka kuuvuta tena, jibu langu huanzia mbali. Huanzia Himo, kwenye kibanda cha baba mdogo Aloisi, mwaka niliopata Kipaimara.

Baba mdogo alikuwa fundi redio. Miaka ile sabuni tuliipangia foleni, sukari tuliipangia foleni, lakini droo zake hazikukosa vitu vilivyopita mpakani kwa njia alizozijua mwenyewe. Sisi watoto wa Kilema tulimwona kama mtu wa miujiza. Redio iliyonyamaza ilishuka mlimani ndani ya kikapu, juu yake mkungu wa ndizi wa kumshukuru, na baada ya wiki ikarudi ikisema. Alipokuwa akingoja chuma cha kulehemu kipate moto alipiga kinanda cha mdomo, kidogo, chenye matundu kumi, rangi yake imelika pale vidole gumba vinaposhika. Mimi nilikaa kwenye kreti la soda na kumsikiliza mpaka nisahau nilichotumwa.

Zawadi yangu ya Kipaimara, alisema, itakuwa kinanda, na nitachagua mwenyewe. Siku ya siku akaviweka viwili mezani, juu ya gazeti. Kimoja kile chake. Cha pili kirefu, kinang'aa kama sahani ya madhabahuni, bati lake jekundu limechorwa maua, na matundu yake yamepangwa safu mbili.

"Kipi kizuri, baba mdogo?"

"Chagua kwa macho yako, Resti. Umeshapakwa krisma, wewe si mtoto tena."

Nikachagua chenye maua. Akacheka. "Mae! Una macho ya kitajiri."

Ngoja nikueleze nilichokuwa sikijui. Kinanda cha safu mbili hutoa kila sauti kwa vibati viwili vya ndani vinavyotikiswa na pumzi, kimoja sauti yake imepandishwa kidogo kupita ya mwenzake, ndiyo maana sauti yake hutetemeka. Kikitengenezwa vizuri kinapendeza. Kikitengenezwa ovyo, kama changu, vibati hugombana, na vingine hukwama kabisa. Kile kidogo cha matundu kumi hakina mapambo. Unapuliza unapata sauti moja, unavuta unapata nyingine, na ukikosea unajua umekosea wewe.

Changu kilikuwa na sauti moja ya katikati, ya kuvuta, iliyokuja siku ikitaka. Nilidhani kosa ni pumzi zangu. Nilijizoeza nyuma ya nyumba, kati ya migomba, midomo ikachubuka, na nilipomweleza baba mdogo alinijibu bila kuinua macho kwenye redio aliyoifungua: "Fanya mazoezi."

Baba yangu mzazi alifanya kazi kule tambarare, kwenye mashamba ya miwa, na alipanda nyumbani Krismasi, kama wengine wote. Mwaka ule alinikuta nikipiga, akasimama na begi bado begani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba. Mtoto wa kike na kinanda cha mdomo, wapi na wapi? Unataka waseme ninalea mpiga dansi?"

Baba alikuwa mkali lakini hakuwa mtu wa kuonea. Akafikiri, akasema siku ya pili ya Krismasi kuna sherehe kwenye uwanja wa shule, na Aloisi ataleta vyombo vyake vya sauti. Nipige wimbo mmoja. Nikiumaliza bila kukosea, niendelee nacho na hatasema neno tena. Nikikosea mbele ya watu wake, kinarudi Himo.

Sikulala vizuri siku zile. Mtoto wa miaka kumi na miwili akipenda kitu, hakipendi nusu nusu.

Siku ikafika. Baba mdogo alikuja na amplifaya aliyoiunda mwenyewe, inaendeshwa kwa betri ya gari, na spika ya tarumbeta akaifunga juu ya mti wa mgrivea ulio pembeni ya uwanja. Viongozi wa tawi la chama walikaa mbele kwenye viti vya darasani, na watu walisema wanatafuta fundi wa kuwapigia vyombo katika mikutano yao yote. Mimi niliwekwa jukwaani mbele ya maiki. Bibi yangu, mama yao Baba na Aloisi, alikuwa ameketi chini karibu kabisa na miguu yangu, kwa sababu alisema viti vinamchosha mgongo.

Nikaanza. Sauti ilitoka juu ya mti, nene, safi, ikateremka hadi kwenye migomba ya vihamba vya chini. Sikuamini kuwa ni mimi. Nikaona kichwa cha Baba kikifuata mdundo. Nikafika katikati ya wimbo, pale penye ile sauti yangu ya kuvuta. Nikavuta. Kimya. Kibati kilikwama, nikasikia hewa tupu ikipita kwenye meno yangu.

Lakini juu ya mgrivea sauti ililia, tena vizuri kabisa.

Niliacha kupiga. Wimbo uliendelea peke yake, pumzi moja, mbili, kisha nao ukakatika. Watu walidhani nimemaliza. Walipiga makofi, mama zetu wakapiga vigelegele, na Baba akainuka kitini kwake.

Nikashika waya wa maiki yangu nikaufuata. Ulipita chini ya meza ya wageni, ukaingia darasani kupitia dirishani, na mwisho wake ulikuwa umefungwa fundo kwenye mguu wa dawati. Haukwenda popote. Kwenye dawati hilo hilo alikaa baba mdogo, kile kinanda chake kidogo mkononi, na mbele yake maiki nyingine, iliyochomekwa kwenye amplifaya.

Akaweka kidole mdomoni, akazima swichi.

"Umefaulu," akanong'ona. "Baba yako amefurahi. Unataka nini tena?"

"Nilikuwa napiga mwenyewe."

"Kile chako hakifai, Resti. Kingetuaibisha, mimi na wewe."

"Umejua lini kwamba hakifai?"

Alianza kukunja waya kwenye kiwiko chake. Aliukunja wote ndipo akasema: "Tangu Himo."

Asubuhi iliyofuata, tukiwa tunakunywa chai, baba mdogo aliingia uani ameshika jani la isale. Kwetu Uchagani jani hilo halitolewi ovyo. Aliyekukosea akikuletea isale, unapokea na ugomvi umekwisha, hata kama alikuumiza vipi. Hulikatai. Nadhani alikuwa amejuta kweli, na katika kujuta kwake akasahau kwamba isale kwa mtoto haipiti kimyakimya, lazima wakubwa watauliza.

Baba akaweka kikombe chini. "Isale kwa mtoto? Umemfanya nini?"

Nilimtazama baba mdogo. Nilitaka aseme. Hata ningenyang'anywa kinanda siku ile ile, nilitaka aseme.

"Nilimkaripia jana, kaka," akasema, "kwa ajili ya waya tu. Nilimpandishia sauti."

Alisema uongo na isale iko mkononi mwake. Kisha akaninyooshea. Niliutazama mkono wake wa pili, labda umeshika kile kinanda chake kidogo, lakini ulikuwa mtupu. Wote walikuwa wananitazama, na mtu hakatai isale. Nikapokea, na kwa kupokea nikawa nimeusema uongo ule pamoja naye.

Baba alitimiza neno lake. Hakunikataza tena, alijisifu hadi kule kwenye miwa. Kila Krismasi aliuliza, "Mbona hupigi?" nami nikamjibu kimeharibika. Alizikwa akiamini kwamba alinisikia siku ile. Aliyenisikia ni Bibi peke yake. Tukiwa tunamenya ndizi za mtori aliniambia, bila kunitazama, "Vilikuwa vinanda viwili. Cha chini kilikoseakosea." Akaendelea kumenya.

Kwa miaka mingi nilidhani baba mdogo alinisaliti pale darasani. Nilikuwa mwalimu mtu mzima nilipoelewa. Mwanafunzi wangu alinijia amekumbatia kinanda kibovu, macho yanamng'aa, nami nikajisikia nikitaka kusema "fanya mazoezi", kwa sababu kuna kimoja tu kizuri kabatini, na ni changu. Usaliti ulifanyika mezani Himo, aliponyamaza mtu aliyejua. Mengine yote, waya, isale, ule uongo, yalikuwa ya kufunika kimya kile. Nikamwambia mtoto yule ukweli, akalia kidogo, nikampa changu.

Kwa hiyo hili ndilo jibu langu. Tafuta kidogo cha matundu kumi, na kabla hujakichukua puliza kila tundu, kisha vuta kila tundu. Kikiwa na tundu lisilolia, kiache. Habari ya spika isikusumbue sasa. Simama upande mmoja wa uwanja, mweke mtu upande wa pili, umpigie wimbo mmoja bila waya wowote. Akikuambia amekusikia, hapo ndipo uanze kutafuta spika.