Silinda Sita na Simu ya Alhamisi

Mwalimu wa injini aliandika safu ya magari gazetini kwa miaka kumi na moja, na katika miaka yote hiyo hakuwahi kumiliki gari. Kazini alikwenda kwa baiskeli. Chuo cha ufundi alikofundisha kilikuwa na karakana moja ndefu ya bati, injini nne zilizofungwa kwenye fremu za chuma, na ofisi ndogo pembeni ambayo mlango wake ulifungwa kwa kamba tangu kitasa kilipoharibika. Humo ndimo alimoandikia. Kila Jumapili wasomaji walimkuta akilinganisha magari ambayo hata hayajatoka: yale ya kifahari yenye milango miwili, pua ndefu na mgongo ulioinama, ambayo wenyewe wanayaita kupe. Dada yake mkubwa, muuguzi mstaafu aliyeishi naye, alikuwa akimwambia kwamba kupe anaowajua yeye hunyonya ng'ombe, lakini hawa wa mdogo wake hunyonya akili.

Hakuwa mtu wa kukurupuka. Alipata karatasi za viwandani, akanoa penseli, akakokotoa: ukubwa wa silinda, shinikizo la turbo, yaani pampu inayoisukumia injini hewa, uzito wa bodi, muda wa kutoka kusimama hadi kilomita mia kwa saa. Kisha akatoa hukumu.

Msomaji mmoja, daktari wa meno, alianza kumpigia simu miaka miwili kabla ya mkasa huu. Alipewa namba na mhariri, akawa anapiga kila Alhamisi saa nne asubuhi, mwalimu akiwa kwenye mapumziko ya chai. Alisema huo ndio muda wake wa kusubiri ganzi ishike kwenye taya la mgonjwa, na dakika kumi za kusubiri ganzi ni ndefu mno kwa mtu asiye na wa kubishana naye. Wakabishana. Kupe mbili zilikuwa zinasubiriwa mwaka uleule. Ya kwanza ilikuwa na silinda sita na turbo mbili, nyepesi, yenye kuvuta mapema. Ya pili ilikuwa na silinda nane bila turbo hata moja, nzito, injini yake ikipumua yenyewe na kupandisha nguvu taratibu mpaka juu kabisa. Daktari alisimama na sita. Mwalimu alishika nane, nusu kwa imani na nusu kwa uchokozi. Hawakuwahi kuonana uso kwa uso.

Karatasi za ile ya silinda sita zilipotoka, mwalimu aliziangalia akaona jambo. Turbo zilikuwa kubwa kuliko kazi zilizopewa. Akaandika Jumapili ile: "Injini hii imefungwa mdomo kiwandani. Atakayeifungua atakuta farasi mia moja wamelala." Alhamisi daktari akapiga akicheka, akasema sentensi hiyo imemmaliza, gari ameshaliagiza.

Gari lilifika. Fundi mmoja wa kompyuta za injini akalifungua. Wiki ya tatu, asubuhi ya jua kali, kwenye barabara kavu iliyonyooka, likaacha lami. Mwalimu alizipata habari za kifo cha daktari gazetini, mistari mitano tu, iliyochapishwa nyuma ya safu yake mwenyewe. Alipoinua karatasi kuelekea dirishani, maandishi ya pande zote mbili yakapandana, hata akashindwa kutenga maneno yake na ya kifo.

Hakumwambia mtu. Alhamisi iliyofuata, saa nne, simu yake ikaita. Kwenye kioo palikuwa na jina alilolihifadhi mwenyewe: Daktari Meno.

Alipokea. Hakuna aliyesema. Lakini haukuwa ukimya wa simu mbovu. Ulikuwa ukimya wa chumba chenye mtu. Baada ya kama dakika moja, ikakatika.

Alhamisi ya pili ikaita tena, na ya tatu, na ya nne. Hakuthubutu kuipiga namba ile mwenyewe. Alipokea kila mara, kwa sababu kutopokea kulimtisha zaidi. Darasani wanafunzi waliona kwamba haifungulii tena mafuta injini ya mafunzo kupita nusu. Mmoja alipomuuliza kwa nini, akasema mafuta ni machache, na pipa lilikuwa limejaa nyuma yake. Kwa mhariri alituma makala za zamani zilizobadilishwa tarehe. Nyumbani alikaa mezani akiangalia sahani mpaka chakula kipoe. Dada yake, aliyezoea kuwasoma wagonjwa kabla hawajafungua mdomo, alimuuliza ni nani amekufa. Akajibu kwamba ni mtu asiyemjua, na huo ulikuwa ukweli.

Alhamisi ya saba hakuweza tena kunyamaza. Asubuhi ile alikuwa amepata karatasi za ile kupe ya silinda nane, zile walizozisubiri miaka miwili. Simu ilipoita akazikunjua mezani, akaanza kusoma kwa sauti ya chini. Alitaja nguvu za farasi, akataja uzito, akakiri kwamba mizunguko ya injini ikiwa chini gari ni zito kuamka, na kwamba mpaka mizunguko elfu nne kwa dakika ile ya silinda sita ingelitangulia. "Ulikuwa sahihi, daktari," akasema. "Huku chini, ulikuwa sahihi."

Upande wa pili mtu akavuta pumzi. Kisha sauti ya mwanamke, nzito, ya mtu mzima, ikasema, "Endelea."

Alikuwa mama yake daktari. Aliomba kuja, na Jumatatu akaja, mwanamke mrefu mwenye utepe wa kupimia wa fundi cherehani bado ukining'inia shingoni, kama aliyetoka kazini bila kujitazama. Mwalimu alimfutia kiti kwa kitambaa safi. Mama akafungua mkoba, akatoa kipande cha gazeti. Ile sentensi ilikuwa imepigiwa mstari kwa kalamu ya bluu, mara mbili.

"Wewe uliwahi kuliendesha?" akauliza.

"Hapana, mama."

"Kuliona?"

"Kwenye picha tu."

"Basi hao farasi mia uliwahesabia wapi?"

Mwalimu akaeleza. Akasema ni hesabu; kwamba turbo inasukuma hewa, kwamba kiwanda hakikuzitumia zote, kwamba ukiiamuru kompyuta izitumie, nguvu inaongezeka. Mama akasikiliza bila kumkatiza, kama anayesikiliza vipimo vya nguo ya mtu mwingine.

"Kiwanda kiliziacha bure tu?"

"Hapana. Kiliziacha kwa ajili ya joto, matairi, breki. Na kwa ajili ya dereva."

"Na hilo ulilijua siku unaandika."

"Nililijua."

"Hukuliandika."

"Sikuliandika, mama. Ingeharibu sentensi."

Mama akakunja kile kipande cha gazeti, akakirudisha mkobani. Hakulia wala hakumlaani. Alisema mwanawe alikuwa mtu mzima mwenye mikono ya kung'oa meno ya watu, hakuburutwa na gazeti. Lakini alitaka yule aliyeiandika amwambie kwa mdomo wake. Akaongeza kwamba gari lilipokuja, mwanawe alimwita akatembezwe, naye akamwambia asubiri kwanza amalize kupinda mapazia ya watu. Hakuwahi kukaa ndani yake.

Kisha akaeleza habari ya simu. Polisi walimkabidhi mwezi mzima baada ya mazishi, ikiwa imezimika, kioo kimepasuka. Alipoichaji na kuiwasha, Alhamisi ile saa nne ikalia kengele ya kumbusho lenye neno moja: mwalimu. Akapiga. Aliposikia sauti ya mwanamume hakujua aseme nini. "Nimekupigia mara tatu," akasema. "Mbili nilinyamaza. Ya tatu ndiyo ukanisomea."

Kwa mwalimu zilikuwa saba. Akahesabu kichwani, akarudia kwa vidole chini ya meza. Akamuuliza kwa upole kama ana hakika, kama hakuna ndugu aliyekuwa na simu ile kabla. Mama akasema ilikuwa kwenye bahasha iliyofungwa, naye ndiye aliyeichana.

Simu ya mwalimu ilikuwa ya zamani, yenye kuhifadhi simu kumi tu za mwisho, na mhariri peke yake alikuwa amezijaza. Hapakuwa na cha kuangalia. Jioni alimweleza dada yake yote, kwa mara ya kwanza, na yeye akamwambia mtu mwenye kosa kifuani husikia mengi. Amewaona wagonjwa wakiongea na vitanda vitupu. Lakini hakusema kwa uhakika aliokuwa nao siku zote, na usiku ule aliacha taa ya ukumbi ikiwaka.

Jumapili mwalimu aliandika upya juu ya ile injini. Safari hii aliweka kila kitu: nguvu iliyoachwa, na sababu ya kuachwa. Mhariri akalalamika kwamba makala ni ya mahubiri, akaikata nusu. Mwalimu akaipeleka tena ikiwa nzima, akasema ama itoke hivyo ama achukue safu yake. Ikatoka, ukurasa wa ndani zaidi. Wasomaji wengine walimwandikia kwamba amezeeka.

Mama alikuwa akipiga mara mojamoja, siku yoyote, kwa namba yake mwenyewe, akiuliza maneno ambayo mwanawe alikuwa akiyatamka mezani naye hayaelewi. Turbo ni nini hasa. Mizunguko ni mizunguko ya nini.

Miezi mitano baadaye waagizaji wa ile kupe ya silinda nane walimwalika mwalimu, kama walivyomwalika kila mwaka, aje ajaribu. Miaka yote alikataa. Safari hii alikwenda. Alikaa kiti cha abiria, mkanda umembana, mikono kati ya magoti. Dereva wao alikuwa mwanamke mtulivu wa makamo, akamwuliza kama yuko tayari. Gari lilianza polepole, kama alivyoandika. Likapita elfu nne. Hapo kitu kikamsukuma mgongoni kwa mkono mpana, sauti ikajaa mpaka mifupani, miti ya pembeni ikawa ukuta mmoja, na mwalimu akajisikia anacheka. Alicheka kwa sauti, peke yake, mpaka machozi. Gari liliposimama, aibu ikaingia mahali pa kile kicheko. Alishuka akashika boneti ya moto.

Wiki hiyo mama alipopiga alimuuliza kama kweli alipanda. Mwalimu angeweza kumwambia ni chuma tu. Jibu hilo alikuwa amelifikiria njia nzima ya kurudi nyumbani siku ile ya majaribio.

"Nilipanda, mama."

"Likoje?"

"Ni tamu," akasema. "Ni tamu sana."

Mama alikaa kimya, kimya ambacho mwalimu alikifahamu vizuri. Cherehani moja ilikuwa ikitembea mahali fulani nyuma yake, kisha ikasimama.

"Afadhali mwanangu aliuonja," akasema.