Bei ya Geti la Jovithe

Tajudini alikuwa amechomelea vyuma kwa miaka mingi kiasi kwamba watu wa mtaa wa Bwiza walilisahau jina la baba yake. Walimwita Taju wa Vyuma, na mwenyewe aliitika. Wiki nzima alikuwa katika karakana ya Moubarak, mahali penye kelele za nyundo, cheche na wateja wasiokwisha, na humo hakuwa na nafasi ya kujifikiria. Jumapili ndiyo iliyomshinda. Siku hiyo karakana ilifungwa, naye akabaki katika vyumba vyake viwili akifua ovaroli, akiianika, kisha akiitazama inavyokauka.

Mkewe Asiya alikuwa amefariki. Binti yao wa pekee, Hayat, aliolewa Kigoma, na kila Ijumaa alituma ujumbe wa sauti kwenye simu, akimsalimu na kumwuliza kama amekula. Tajudini aliusikiliza mara mbili, akajibu kwamba amekula, na mazungumzo ya nyumba yake kwa wiki ile yakawa yamekwisha.

Rafiki aliyebaki naye alikuwa mmoja, Jovithe. Walikuwa wamekua pamoja Bwiza, mmoja akienda msikitini na mwingine kanisani, wote wawili wakirudi kucheza mpira uwanja uleule. Baadaye Jovithe akawa dereva wa ofisi ya serikali, akajenga nyumba Kinama, pembezoni mwa mji, akahamia huko na mkewe Pascaline. Mwanzoni walitembeleana. Kisha mafuta yakaadimika mjini, mabasi yakapungua, foleni za kusubiri usafiri zikawa za kukatisha tamaa, na kila mmoja akaanza kusema kwamba atakwenda wiki ijayo. Ukapita mwaka hivyo, hawajagombana, hawajaonana.

Kwa hiyo simu ilipoita karakanani na Tajudini akaona jina la Jovithe, aliizima mashine na kutoka nje mbio.

"Taju! Uko wapi, we mutu? Umenitupa."

"We njo umenitupa, sha. Mi niko palepale."

"Sikiliza. Mi nataka geti. Hii ya mabati imeoza, hata mbuzi inaisukuma na kuingia. We njo fundi yangu. Nipe bei. Lakini bei ya rafiki, umesikia?"

"Nitakuja kupima Jumapili."

"Njoo. Pascaline atapika."

Siku ile Tajudini alifanya kazi akiimba, hata Moubarak akamwuliza kama ameposa.

Lakini alipofika nyumbani na kukaa na kalamu, aliona kwamba bei ya rafiki ni kazi ngumu kuliko geti lenyewe. Mabomba, bati, bawaba, komeo, rangi, vijiti vya kuchomelea, hivyo vyote vilikuwa na bei ya dukani, na mwenye duka hamjui Jovithe. Kilichoweza kushuka ni jasho lake mwenyewe. Kwa mteja wa kawaida angesema laki sita bila kupepesa macho. Je, kwa Jovithe?

Bure hakuthubutu. Aliwahi kumtengenezea Yahaya, jirani wa mtaa wa pili, kitanda cha chuma bila kuchukua hata faranga. Yahaya alimshukuru karibu alie. Tangu hapo alianza kuona haya. Akimwona Tajudini anakuja, anavuka barabara. Wakikutana dukani, anakumbuka kitu alichosahau nyumbani. Kitanda kile kilimgharimu Tajudini mtu. Hakutaka geti limgharimu mwingine.

Aliandika laki tatu, akaikata. Nusu ya bei ilimwonekea kama punguzo analopewa mteja yeyote. Akaandika laki mbili, akaiacha. Kisha akafikiria jambo jingine, akatabasamu peke yake. Geti lile kule karakanani angelimaliza kwa siku tatu. Lakini angeweza kusema kwamba atalitengenezea hukohuko Kinama, kwa Jovithe, akikodi mashine, Jumapili kwa Jumapili. Umeme wa Kinama ulikuwa wa kubahatisha. Ukikatika, wangekaa kivulini wakingoja urudi. Kazi ya namna hiyo ingekula Jumapili nyingi. Alijua vizuri kwamba hiyo si hesabu ya fundi, na hakujali.

Jumapili ilipofika alikwenda kwa miguu. Alivuka daraja la mto Ntahangwa, akapita Ngagara na Cibitoke, na alipofika Kinama shati lilikuwa limemganda mgongoni. Jovithe alimpokea nje, akamkumbatia, akamshika kichwa.

"Umezeeka, Taju!"

"Na we umekuwa mufupi."

Walicheka. Tajudini alipima mlango wa kipangu, yaani ua, juu, chini, na nguzo za pande zote mbili, kwa sababu ukuta wa Kinama hauaminiki, upande mmoja huwa umelala. Pascaline akaleta maharage, wali na samaki wa kukaanga. Walipokwisha kula, Tajudini akaeleza vifaa kimoja kimoja na bei yake.

"Humo sina hata faranga yangu," alisema.

"Na mukono wako?"

"Laki mbili."

Jovithe alijipiga kofi pajani. Mtu huyu alikuwa akibishana hata bei ya nyanya mbili, si kwa ubahili bali kwa sababu aliupenda ubishi wenyewe. "Laki mbili? Kwa mutu tulikula sahani moja? Apana! Laki na nusu."

"Laki na nusu hainunui hata suruali nitakayounguza hapa kwako."

"Basi laki na themanini, na chakula."

"Chakula kila Jumapili nikija?"

"Kila Jumapili."

Tajudini alijifanya anafikiri. "Haya. Umenishinda."

Walipeana mikono juu ya sahani tupu. Njiani kurudi alihisi kwamba yeye ndiye aliyepata faida.

Kazi ikaanza. Jumapili ya kwanza alikata mabomba. Iliyofuata umeme ulikatika kabla hajawasha mashine, wakashinda wakizungumza habari za timu yao ya zamani, nani alikufa, nani yuko Uvira, nani aliokoka. Tajudini alileta ndizi mbivu. Mara nyingine alileta unga wa kahawa, kwa kuwa Pascaline aliupenda. Akawa anaamka Jumapili kabla ya adhana, na ovaroli anaifua Jumamosi.

Fremu ilisimama, ikabaki bati na komeo. Hapo ndipo alipoanza kuivuta kazi. Alilainisha maungio ambayo yalikwisha kuwa laini. Alikagua kama fremu imepinda, akakagua tena. Jovithe hakumhimiza hata mara moja. Jambo hilo Tajudini alilichukua kuwa ni raha ileile anayoisikia yeye.

Jumapili moja alimkuta Jovithe ametoka kwenda kununua makaa. Uani palikuwa na mwanamke kijana aliyevaa nadhifu, akipima madirisha kwa utepe wa fundi cherehani. Alimsalimu kwa heshima, akasema anaitwa Joëlla, ni muuguzi. Kisha akalitazama geti lililolazwa juu ya mawe.

"Muzehe, hii itakwisha kabla ya mwezi kuisha? Maana mwezi ujao nahamia, na mi naogopa wezi."

"Unahamia wapi, binti yangu?"

"Hapa."

Tajudini alidhani hakusikia vizuri. Akamtazama Pascaline, aliyekuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi. Pascaline aliinamisha uso, akarudi jikoni. Hapo Tajudini akaona yale ambayo macho yake yalikuwa yakiyapita. Kabati la barazani halikuwepo. Picha za ukutani zilikuwa zimeondolewa, zimebaki misumari.

Joëlla alimaliza kupima, akaaga. Jovithe aliporudi alimkuta rafiki yake amekaa juu ya ndoo iliyofunikwa, mashine haijawashwa.

"Unahama?"

Jovithe aliutua mfuko wa makaa taratibu. "Tunarudi Ruyigi. Kuna shamba la baba. Pensheni haitoshi tena hapa muji, Taju, unaona mwenyewe. Nyumba tutapangisha."

"Lini?"

"Mwisho wa mwezi."

"Na siku ile umenipigia, ulikuwa unajua?"

Jovithe alipangusa mikono yake, yote miwili, akaendelea kuipangusa hata ilipokuwa safi. "Nilijua. Mutu hawezi kupangisha nyumba bila geti. Nilitaka kukuambia ile siku ya kwanza. Ukaanza kucheka. Halafu ukaleta ndizi. Kila ukifika una furaha, mi nasema acha, nitamwambia akija tena."

Tajudini alitazama geti lake. Alilijua kila sehemu, na kila sehemu ilikuwa na mazungumzo yake, hapa walizungumza juu ya Asiya, hapa juu ya penalti waliyoikosa. Kumbe muda wote huo alikuwa akimsaidia mtu kufunga mizigo.

"Bei niliyokupa," alisema, "ilikuwa ya mutu anayebaki."

"Basi niambie ile ingine."

Hakuwa amekusudia kuisema. Lakini hasira ilimtangulia. "Laki sita."

Akangoja. Alingoja Jovithe ajipige kofi pajani. Alingoja apige kelele kwamba huo ni wizi, kwamba hata fundi wa Kigobe kwa matajiri hatozi hivyo, aseme laki tatu, waanze. Kama angesema laki tatu, Tajudini angekubali hata laki moja.

Jovithe aliitikia kwa kichwa. "Ni haki yako. Nitakupa siku utamaliza."

Hakuna neno lililowahi kumwumiza kama hilo la haki. Alisimama, akawasha mashine, akavaa barakoa ya kuchomelea, akafanya kazi mpaka umeme ukakatika wenyewe. Kisha akaaga bila kula.

Hakungoja Jumapili nyingine. Alimwomba Moubarak ruhusa, akaenda katikati ya wiki, akachomelea bati na komeo, akapaka rangi, akalitundika. Lilikuwa geti zuri. Ukilisukuma kwa kidole, lilikwenda lenyewe mpaka komeo likalia. Jovithe alilifungua na kulifunga, akasema, "Umefanya kazi, Taju." Akamhesabia fedha zote. Tajudini alizitia mfukoni, na hapo akataka kusema kwamba zirudi, zibaki laki na themanini kama walivyopatana. Lakini Jovithe alikuwa amekwisha kugeuka kumwita Pascaline aje kuona geti, naye akaanza kufunga vifaa vyake.

Walipeana mikono kama watu waliomalizana.

Mwisho wa mwezi ulikaribia. Tajudini alijiambia atampigia, kisha akajiambia kwamba Jovithe ndiye anayesafiri, na anayesafiri ndiye anayeaga. Kila simu ilipoita aliitazama. Alikuwa Hayat, au mteja, au mtu aliyekosea namba.

Asubuhi moja alikuwa akichomelea ngazi ya chuma, amepiga magoti karakanani, barakoa usoni. Ndani ya barakoa mtu haoni kitu isipokuwa ile nukta ya moto, na kelele za mashine humziba masikio. Kazi ilikuwa ndefu, maungio yamefuatana. Alipoinua barakoa kupumzisha macho, Moubarak alikuwa amesimama mbele yake na sura ya mtu asiyejua aanzie wapi.

"Rafiki yako alikuwa hapa."

"Nani?"

"Yule wa Kinama. Alisimama hapo nyuma yako. Nilitaka kukuita, akakataa, akasema nikuache umalize. Gari ilikuwa imemungoja barabarani na mizigo. Dereva alipiga honi, akapiga tena. Sasa hivi ameenda."

Tajudini alitoka na glavu mkononi, akakimbia hadi kwenye kona. Palikuwa na wauza simu, baiskeli za kubeba ndizi, wanawake wanaotoka sokoni. Gari lenye mizigo hakuliona. Alisimama pale hata mtu mmoja akamwomba apishe.

Alipiga simu, haikupatikana. Alipiga jioni, haikupatikana. Siku chache baadaye ikaita, na sauti ya Jovithe ikaja kwa mbali, imechanganyika na upepo.

"Tumefika. Nyumba inavuja, lakini tumefika."

"Ulikuja karakanani."

"Nilikuja."

"Ungenigusa begani, sha."

"Mutu anayechomea haguswi, Taju. Anaweza kuungua."

Tajudini alisikia kuku kwenye simu, na mtu akipasua kuni. Pascaline akaichukua simu, akasema, "Shemeji, salama? Utakuja lini?" Akajibu kwamba atakuja baada ya mvua, Mungu akipenda. Jovithe aliporudi kwenye simu alisema mtandao wa huko ni wa kutafuta juu ya kilima, na mvua inaanza, basi wataongea siku nyingine. "Njoo kweli," alisema. Tajudini akasema atakuja kweli.

Mvua zimekwisha, nyingine zimeanza, na bado hajakwenda. Nauli ya Ruyigi anayo, ila ni ya geti. Zile laki sita hajazigusa, ziko kabatini chini ya kitenge cha Asiya, na kila akizifikiria kama nauli anaona haya kufika kwa Jovithe kwa fedha za Jovithe.

Siku hizi Jumapili anachukua kazi za nje, za mtu yeyote: madirisha, vitanda, milango ya vibanda vya maduka. Moubarak alimpa ufunguo wa karakana. Bei anaitaja papo hapo, amesimama, bila kalamu. Mteja akiomba apunguziwe, anapunguza kidogo. Akikaribishwa kukaa na kula, anashukuru, anasema kwamba nyumbani wanamngoja.