Vitundu vya Chini ya Mlango

Mtaani walimwita Injinia, ingawa shule aliiacha darasa la sita. Alikuwa fundi bodi wa magari, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko patasi yake. Shemeji yake alipoileta ile pikapu ya zamani gereji, hakumuuliza habari za nyumbani. Alizijua. Kaka yake alikuwa na miezi miwili kaburini, na siku ya mazishi yeye alisimama nyuma kabisa kama mpita njia.

"Nataka kuiuza, shemeji," mjane alisema. "Niangalizie kwanza kama imeoza."

Pikapu hiyo Injinia aliifufua mwenyewe, miaka sita nyuma, kwa ajili ya kaka yake. Aliikwangua mpaka bati likang'aa, akaipaka dawa ya kutu, akajaza gundi nzito kwenye maungio yote na kuilainisha kwa kidole. Kaka, muuza duka ambaye hata nyundo hakuijua, akainama kutazama.

"Mdogo wangu, huku chini ya mlango si kulikuwa na vitundu? Maji yatatokea wapi?"

Mafundi wakaangua kicheko. Injinia akawaka. "Kaka, wewe kauze sukari. Bodi niachie mimi."

Kilichomuuma ni kwamba kaka alisema kweli. Vitundu alivisahau na gundi ikaviziba. Kukiri mbele ya wenzake kukamshinda, akamkabidhi ufunguo vivyo hivyo.

Akakaa akisubiri kaka aje kulalamika kwamba milango imeoza. Mvua zikanyesha, zikaisha, zikaja nyingine, kaka kimya. Injinia akajiambia kuwa amedharauliwa, kwamba kazi yake haifai hata kulaumiwa. Akanuna. Simu za kaka akawa anazipokea kwa mkato, halafu akaacha kuzipokea. Majuto ni mjukuu, wanasema, na huyu wake alikuja akiwa na meno yote.

Sasa alijilaza chali chini ya mlango, bisibisi mkononi, tayari kuchokoa uozo. Bati lilikuwa gumu. Kwenye ukingo wa chini akaona vitundu vinne vya drili, vimepigwa msasa na kupakwa rangi kwa brashi ndogo. Kimoja kilikwenda upande, kazi ya mtu asiye fundi. Mlango wa pili ulikuwa hivyo hivyo.

"Nani katoboa hapa?"

"Kaka yako. Aliazima drili kwa jirani wiki ile ile ulipomkabidhi gari. Akanikataza nisimwambie mtu, eti watu wakisikia wataicheka kazi yako."

Injinia akauliza, bado amelala palepale, "Na mimi kutokuja kwenu, alikuwa anasemaje?"

"Alikuwa anasema una kazi nyingi. Ile wiki ya mwisho hospitali, mtu akiingia tu, anauliza kama ni wewe."

Injinia alilia. Alishindwa kuinuka mbele ya yule mama, na yeye hakumhimiza ainuke.