Piko Mbichi Juu ya Kiti Cheupe

Bi Mwanakhamis wa Jadida alianza kupamba maharusi kwa mkoba mmoja tu: hina, piko nyeusi isiyotoka upesi, wanja na chetezo cha kuazima. Biashara hakufundishwa na mtu. Alijifunza kwa kupunjwa, na kila aliyempunja alimpunja mara moja. Alipofika makamo alikuwa na majukwaa yake, viti vyake na mapazia yake. Kilichobaki ni gari. Kila harusi alikodi gari ya watu, na mwenye gari ndiye aliyempangia bibi harusi saa ya kutoka.

Mwezi uliopita dereva mmoja alimtia aibu. Bibi harusi aliketi Wingwi na shela yake mpaka jua likazama, gari haikutokea. Mama mtu hakumtukana dereva. Alimtukana Bi Mwanakhamis, mbele ya wageni. Sasa ukoo uleule ulikuwa na harusi nyengine Ijumaa. Akikosa gari tena, Wingwi nzima imemtoka.

Ndiyo maana Jumatano asubuhi alikuwa Wawi, kwenye yadi ya magari, ameketi nyuma ya usukani wa gari nyeupe, mpya, viti vya kitambaa rangi ya maziwa. Bei walishaafikiana wiki nzima nyuma. Leo muuzaji, kijana Thuwein mwenye kofia ya kazi ya mkono, alizua jengine.

"Na dawa, bi mkubwa, bei yake mbali. Rangi imepakwa dawa, viti vimepulizwa dawa. Jua, chumvi, uchafu, haviingii miaka mitano."

"Niliiagiza?"

"Imeshatiwa. Haitoki."

Akamimina maji kidogo kwenye kiti cha nyuma. Yakakusanyika matone, yakateleza kama juu ya jani la jimbi.

"Na nikiikataa hiyo dawa?"

Thuwein alitupa jicho mlangoni mwa ofisi. Alisimama pale Hashil, mfanyabiashara wa Wete, mkoba kwapani. "Mie naichukua na dawa yake," Hashil alisema. "Bibi ashuke tu."

Bi Mwanakhamis alipiga hesabu. Rangi ya gari huoshwa maji baridi ikapakwa nta ya kopo. Kiti huvishwa foronya ya kufulika, kazi ya asubuhi moja kwa fundi cherehani. Kulipia upepo uliopulizwa na mtu asiyeonekana, hapana. Lakini kushuka nako ni kuipoteza Wingwi.

Akafungua mkoba, akatoa piko, akajikamulia kiganja kizima cha kushoto. Cheusi, kinang'aa.

"Maharusi wangu hawamwagi maji, mwanangu. Wanapanda na piko mbichi." Akakinyoosha kiganja juu ya kiti cha abiria. "Naweka hapa, nangoja, tunafuta. Ikitoka, dawa yako nailipa mara mbili. Sheikh Hashil, weye shahidi. Isipotoka, dawa siilipi hata senti."

"Bi mkubwa, usifanye mchezo..."

"Mwache aweke," alisema Hashil, akisogea. "Si miaka mitano?"

Thuwein aliiweka sawa kofia yake. Kisha akakaza uso. "Haya, weka."

Hilo Bi Mwanakhamis hakulitarajia. Dawa ikiwa ya kweli, atalipa mara mbili. Ikiwa ya uongo, ataichafua kwa mkono wake mwenyewe gari anayoitaka. Kurudisha mkono sasa ni kukiri ameshindwa. Akaushusha, polepole, macho yake kwa Thuwein. Tone jeusi likavimba ukingoni mwa kiganja, likaanza kuning'inia.

Kofia ikaruka. Thuwein aliivua kichwani akaitupa kitini, na kiganja kikatua juu yake.

Hashil akacheka hadi akashika mlango. "Kumbe nami nilikuwa nauziwa maji ya kunawia!" Kisha kicheko kikakatika. "Basi mie naichukua bila dawa. Sasa hivi."

Thuwein akamtazama huyu, akamtazama yule.

"Mimi na weye tumeshikana bei wiki iliyopita," alisema Bi Mwanakhamis, hajajitikisa. "Ukitaka nishuke, nitashuka. Lakini mie mtu mzima, mwanangu. Nikishuka lazima nijishike mahali."

Kiganja kikainuka kutoka kwenye kofia, bado kibichi, kikaelekea mgongo wa kiti.

"Leta karatasi!" Thuwein alimpigia kelele mtu wa ofisini. "Bila dawa! Leta haraka!"

Bi Mwanakhamis alitia saini kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiwa umelala juu ya kofia.

Alhamisi fundi alivivisha viti foronya. Ijumaa bibi harusi alitoka Wingwi kabla ya alasiri, na yule mama wa mwezi uliopita hakuwa na wa kumtukana. Thuwein alipelekewa kofia mpya, nzuri kuliko ile, maana gari ya pili nayo itanunuliwa pale pale.

Piko ilimganda kiganjani siku nyingi. Wanawake wa Jadida wakamchokoza: "Ee Bi Mwanakhamis, na weye umeolewa?"

"Nimeposa gari," aliwajibu. "Walitaka kuniongezea mahari."