Kifungo Kisicho na Matundu

Baba mkwe wangu ameshona suti za mabwana harusi na sare za shule tangu ujana wake, na mpaka leo akikutana na mtu haangalii uso, anaangalia mabega. Mtaa mzima unamwita Fundi. Siku hizi jina langu limemtoka kabisa, lakini kwamba bega langu la kushoto limeshuka hajasahau, na hunikumbusha mbele za wageni.

Maradhi ya kusahau yalimwingia polepole. Kwanza alisahau alikoweka mkasi, kisha chai mezani, kisha njia ya kurudi nyumbani. Alipopotea mara ya pili, mke wangu, bintiye wa pekee, alinunua kifaa cha kumfuatilia: kidude cheusi cha duara, saizi ya kifungo cha koti, kinachoonyesha kwenye simu mahali kilipo. Kilikuja na mkufu wake. Fundi alikitazama, akaenda kukivisha sanamu lake la kupimia nguo, akasema limependeza.

Basi mke wangu akaamua kukishonea ndani ya bitana ya koti la baba yake, maana koti lile halivui hata jua liwake vipi. Hapa niseme ukweli, naye akisoma atanisamehe: mtoto wa fundi huyu hata kutunga uzi hajui. Vifungo vya mashati yangu nashona mwenyewe. Alikaa na sindano mchana kutwa, akajichoma vidole, na kazi ilipokwisha bitana ilikuwa imekunjamana kama uso wa mtu aliyelamba ndimu. Niliisifu sana. Nami nina akili zangu.

Asubuhi moja ya mvua tulikuwa jikoni, nikauliza mbona chumbani kwa mzee kimya. Mke wangu akatazama simu. Nukta ilikuwa palepale nyumbani, kwa hiyo tukaongeza chai. Nilipokwenda kumwita aje kula, kitanda kilikuwa kitupu na mlango wa nyuma uko wazi. Simu ikashikilia kwamba yumo. Tukabonyeza simu ili kifaa kilie, tukafuata mlio mpaka kwenye mkebe wa vifungo. Fundi alikuwa ameigusa ile mishono, ikamkera, akaifumua. Na kwa kuwa mahali pa kifungo ni mkebeni, akakitia mkebeni pamoja na vingine vyeusi.

Mke wangu alishika njia hii, mimi ile. Sijawahi kuogopa vile maishani. Nilimkuta kwenye kituo cha mafuta, amelowa chapachapa, ameng'ang'ania nguzo kwa mikono miwili, anatetemeka. Alinitazama mabegani.

"Bega hili nalijua," akasema. "Mwenyewe ndiye simjui."

Nikamkumbatia, machozi yakanitoka mbele ya watu.

Nyumbani mke wangu akasema sasa basi, ananunua kufuli, mzee hatoki tena. Alilisema hilo kwa sauti, na baba yake amekaa hapo hapo. Kesho yake kufuli akalileta kweli. Fundi asiyetoka kuona nguo za watu barabarani angenyauka ndani ya mwezi, na sote tulilijua hilo. Nikamwomba mke wangu anipe siku moja tu.

Nikampelekea Fundi koti na kidude, nikamwambia kuna kazi ya mteja: mzee mmoja hupotea, na jamaa zake wanataka kifaa hiki kifichwe kisimsumbue. Akachangamka. Akauliza mzee huyo akikaa huegemea upande gani, nami nikajibu huku namtazama yeye. Akasema kifungo kisicho na matundu hakishonwi, hutengenezewa mfuko. Akautengeneza chini ya kwapa, kwa mishono ambayo hata kwa miwani sikuiona. Wanasema kinyozi hajinyoi, hawakumjua huyu.

Alipomaliza alikata uzi kwa meno, akalilaza koti magotini.

"Huyu mzee ana watoto wangapi?"

"Binti mmoja, baba."

"Ndiye aliyeshona mara ya kwanza?"

Nikakubali kwa kichwa. Akapitisha kidole polepole juu ya vitundu vilivyobaki kwenye bitana, vya sindano iliyokwenda upogoupogo.

"Basi mzee ni mimi," akasema. Akasimama, akavaa koti, akafunga vifungo vyote. "Mwambie kufuli alirudishe dukani. Koti nitalivaa."